Kutengeneza kamio yenye ilianguka Kibua: kichwa nilipata, remorke ikanishinda

Wakuu, salamu kwenu wote. Hii ilinipata miye mwenyewe, na kama kuna mutu wa Walikale humu ndani, atawaambia kama nadanganya.

Miye ni mufanyabiashara wa Butembo, nakaa Masisi. Nilikuwa na kamio, lori kubwa ya semi-remorke: kichwa, na mukia wake njo remorke. Napeleka unga na chumvi Walikale, narudisha mawese.

Kandokando ya remorke niliandikisha MASIKA kwa rangi nyekundu, jina ya mutoto wangu wa kwanza.

Siku moja ikapinduka karibu na Kibua. Shofere alivunjika muguu, lakini Mungu alisaidia, akapona. Mbele ya kuikokota, vita ikafunga barabara. Miezi na miezi sijui kama kamio iko ao haiko.

Barabara ilipofunguka kidogo, watu wenye walitoka kule wakaniambia, "Kichwa iko, kabine njo ilipondeka, moteri haijaguswa."

Bibi yangu, mama ya Masika, akasema tuache. Miye na kichwa ngumu yangu nikakataa. Tukauzisha butiki, ile duka yake, nikanunua kabine ya okazyo, yenye ilishatumika, na vipande vingine.

Jameni, hapo njo nilikosea. Kila mutu nilimuuliza habari ya kichwa. Remorke sikuuliza hata mara moja. Nilijisemea, chuma nzito vile, nani ataibeba?

Tukaenda na Papa Kasereka, mekanisie wangu, fundi wa magari, vipande juu ya kamio ya kukodi. Mbele ya kufika kuna muto, daraja yake ilivunjwa na vita. Tukakuta daraja mupya! Mbao, udongo juu ya mbao, nguvu kabisa. Watu wa kijiji walikuwa palepale kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya kila wiki, wanaongeza mawe.

Nikafurahi, nikashuka, nikawapa boksi nzima ya sabuni. "Muko watu wa maana, Mungu awabariki!"

Mama moja akacheka mupaka akashika tumbo. Sikuelewa anacheka nini.

Tukafika. Kichwa iko. Remorke haiko. Majani tu.

"Papa Kasereka, ni macho yangu njo imekufa?"

Akageuka kuangalia barabara. "Patron, ile daraja ulibariki, tuende tuiangalie chini."

Nikaingia mu maji mupaka magoti, nikainua macho. Chini ya mbao, rangi nyekundu: MASIKA.

Wakuu, nilicheka. Kisha nikakasirika. Kisha sikujua tena niko nasikia nini.

Nikapandisha sauti, "Hii chuma ni yangu! Naitosha leo, naiondoa!" Yule Mama wa kucheka, kumbe ni bibi ya chefu, akaniuliza polepole, "Papa, ukiitosha, kichwa yako itapita wapi?"

Nikatoka mu maji, nikaenda kushusha vipande.

Papa Kasereka alihangaika wiki mbili, moteri ikawaka, kijiji kizima vigelegele. Nikaendesha mwenyewe, nikavuka juu ya remorke yangu, jasho inanitoka.

Nyumbani bibi akaizunguka mara mbili. "Na ile ingine?"

"Iko kazini."

Akarudi ndani, na sikumulaumu.

Sasa kichwa inalala mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, kuku wanataga chini yake. Kununua remorke ingine, nguvu sina. Kuuzisha kichwa, roho inakataa. Kuenda kudai kule Kibua, na ile sabuni nilitoa kwa mukono yangu? Haya ingeniua. Remorke yangu iko inabeba kamio za watu wote wa Walikale, na miye niko natembea kwa muguu.

Kama uko na kamio yenye ilianguka, usinunue hata bulo moja ya kukazia chuma mbele ya kuenda kuiona yote kwa macho yako, kichwa na mukia.

Lakini ilikuwa faida ao hasara? Musinijibu haraka. Wenye mutapita Kibua, mushuke kwanza, muangalie chini ya mbao, kisha mukuje muniambie hapa.