Bi Mardhiya na Chui wa Betri

Habari za Bi Mardhiya binti Mikidadi na chui zimesimuliwa vibarazani Bagamoyo kwa miaka mingi, na kila msimulizi ametia chumvi yake. Wapo wasemao alipiga ukelele uliosikika Kaole. Wapo wasemao alizirai, akamwagiwa maji. Hakuzirai, na Kaole ni mbali. Mambo yalikuwa kama yafuatavyo, na hayana la kuficha.

Bi Mardhiya alikuwa msukaji wa mikeka. Ukindu aliuchambua mwenyewe, rangi alizichemsha mwenyewe, na mkeka wake wa maharusi ulitafutwa hadi Pangani. Lakini zaidi ya mikeka, alijulikana kwa utulivu. Nyumba ya Mzee Mikidadi ilisifika kwa jambo hilo tangu zamani: watu wake hawashtuki. Siku moja nyoka alidondoka kutoka darini, akaangukia katikati ya ukindu. Bi Mardhiya alimtazama, akamaliza mstari aliokuwa akisuka, ndipo akamwita jirani aje na fimbo. Marehemu baba yake alikuwa akisema kwamba mtu anayeruka hovyo mbele za watu ni sawa na aliyevuliwa kilemba, na binti aliyashika maneno hayo kama alivyoishika sala.

Mwaka 1966 alikuwa mjane wa miaka mitatu, na bintiye Ashura alikuwa ameposwa na Mrisho, mwalimu wa darasa la tatu huko Kaole, mtoto wa Bwana Muhidini. Posa ilikwisha jibiwa, na nikaha ilipangwa Ijumaa ya wiki ile ile ambayo gari la sinema lilifika mjini.

Ukwe Mrisho aliushika barabara. Akimwona mama mkwe anatokea kwa mbali, alijitosa katika kichochoro cha kwanza, kiwe njia yake kisiwe. Mara moja alijikuta uani kwa fundi cherehani, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, ikambidi apimwe kanzu asiyoihitaji. Naye Bi Mardhiya akimwona kijana, alishusha ushungi na kubadili njia. Kwa mwendo huo walikaa miezi saba bila kutazamana usoni, na wazee waliwasifu wote wawili.

Basi likaja gari la sinema, mali ya kampuni ya betri za tochi. Lilipita mitaani mchana kutwa likipiga muziki, na msimamizi wake, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Dadi, alitangaza kwa kipaza sauti kwamba picha zitaonyeshwa uwanjani siku mbili mfululizo, baada ya sala ya Isha, bila kiingilio.

Bi Mardhiya hakuwa mtu wa sinema. Aliyemtoa nyumbani ni wifi yake, Bi Somoe, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye ulimi usiolala.

"Wifi, utakufa hujaona kitu ila ukindu," alimwambia. "Twende. Wanawake wana upande wao."

Kweli walikuwa na upande wao. Kitambaa cheupe kilitandazwa katikati ya nguzo mbili, wanaume kulia, wanawake kushoto, kamba katikati. Bi Mardhiya akakaa. Alipoinua macho, ng'ambo ya kamba, hatua kumi tu, akaiona kofia ya Mrisho. Akainuka taratibu, akakunja mkeka wake, akamnong'oneza wifi yake kwamba anahamia nyuma ya kitambaa. Kule nyuma picha zilionekana vilevile, ila zimegeuka, watu wote wakitumia mkono wa kushoto.

Asichojua ni kwamba Mrisho naye alikwisha mwona. Na kwa adabu zake, wakati mama mkwe akizunguka kwa kushoto, yeye alizunguka kwa kulia. Kule nyuma kulikuwa giza, na watu walikuwa wachache. Kila mmoja akatafuta mahali pa kujificha asionwe na mwenziwe, na palikuwa na mahali pamoja tu pazuri pa kujificha, nyuma ya rundo la makuti. Wakakaa umbali wa mkono mmoja bila kuonana gizani, nyuso zao zikielekea kitambaa.

Picha ikaanza. Mtu mmoja anarudi nyumbani kwa njia ya porini, tochi mkononi. Muziki wa udi unapigwa kwa upole. Tochi inafifia. Anaigonga kiganjani, inawaka kidogo, inafifia tena, inazimika. Kitambaa kikawa cheusi. Udi ukanyamaza. Uwanja mzima ukanyamaza nao.

Kisha chui. Uso tu, mkubwa kuliko nyumba, kinywa wazi, na ngurumo iliyotoka katika vipaza sauti vinne.

Uwanja uliinuka wote kwa pamoja, na viti vikaanguka. Papo hapo kitambaa kikang'aa kama adhuhuri, kwa sababu tochi ya yule bwana ilikuwa imepata betri mpya, na mwanga ule ukapenya hadi nyuma. Watu waliokuwa pembeni wakamwona Mwalimu Mrisho, kichwa chake kimezama katika ushungi wa mama mkwe wake, na Bi Mardhiya amemkamata ukosi wa kanzu kwa mikono miwili. Nani alimrukia nani, hakuna ajuaye. Hata wao hawakujua.

Wakatazamana. Ndiyo mara ya kwanza.

"Shikamoo, mama," alisema Mrisho, maana hakupata neno jingine.

"Marahaba," alijibu Bi Mardhiya, maana salamu haiachwi bila jibu.

Wakaachiana, kila mmoja akaenda njia yake.

Asubuhi Bi Somoe alifika kabla chai haijachemka. "Nasikia umemkumbatia mkwe kabla binti hajamkumbatia," alisema. "Haraka ya nini, wifi?"

Bi Mardhiya alimmiminia chai. Lakini kabla ya Adhuhuri aliingia mshenga, na huyo hakuja na mzaha. Bwana Muhidini alikuwa ametuma neno: nikaha isubiri kwanza. Mwanawe amemgusa mkwewe hadharani, tena kwa woga wa picha, na leo asubuhi wanafunzi wa darasa la tatu wamemngurumia akiandika ubaoni. Kijana amejifungia chumbani na anasema hawezi kuiingia nyumba ile tena. Kwa hiyo isubiri.

Pwani kila mtu anajua nikaha inayosubiri huwa inasubiri nini. Ashura alikuwa jikoni akichekecha unga, na baada ya mshenga kuondoka aliendelea kuuchekecha unga uleule mara ya tatu, na mara ya nne. Mama yake aliisikia chekecheo. Akachukua buibui, akatoka.

Alimkuta Dadi akifuta vumbi kwenye gari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yule chui mtoe. Leo usimwonyeshe."

"Siwezi, Bibi. Mkanda unatoka Dar es Salaam kama ulivyo, nami nikiukata nakatwa mimi. Halafu yule chui ndiye tangazo lenyewe. Mtu akishtuka, moyo unakuwa wazi. Ukimtajia jina la betri wakati huo, linaingia, halitoki tena."

"Yaani mnatutisha ili tununue."

"Hatuwatishi, tunawashtua. Kutisha kunakaa. Kushtua kunapita, watu wanacheka."

"Ndoa ya mwanangu haicheki," alisema Bi Mardhiya, akamsimulia.

Dadi alisikiliza, na asifiwe kwa hilo, hakucheka, ingawa mashavu yalimsumbua. Alisema hata yeye, aliyeiona picha ile vijiji vyote kutoka Miono hadi Mkange, alikuwa akiruka kila siku. Ndipo akajifunza kuhesabu. Tochi ikizimika, hesabu saba polepole. Kwenye saba, chui.

Bi Mardhiya alirudi na wazo. Alimtuma Bi Somoe amwendee mshenga na maneno haya: aliyeshtuka ni Mardhiya. Yeye ndiye aliyeruka, na kijana alimpokea tu, kama mtu anavyompokea mzee anayeteleza. Hakuna woga wala utovu wa adabu.

Jibu lilirudi kabla ya Alasiri. Bi Somoe alilileta akiwa amejishika kiuno.

"Muhidini anakushukuru kwa kumsitiri mwanawe," alisema, "lakini haamini. Anasema mji mzima unajua kwamba Mardhiya binti Mikidadi hashtuki. Nyoka wako amefika mpaka Kaole, wifi. Na anasema leo atakuja mwenyewe kukitazama hicho kitambaa kinachowarusha watu wazima."

 Sifa ambayo Bi Mardhiya aliilinda miaka arobaini ilikuwa imekaa mlangoni, inamzuia binti yake kutoka. Kumbe kusema hakutoshi. Itabidi waone.

"Basi," alisema mwishowe, "nitashtuka."

"Wewe? Unajua kushtuka wewe? Hebu nionyeshe."

Bi Mardhiya akaruka kidogo, kama mtu aliyekanyaga embe. Bi Somoe akacheka mpaka akakaa chini. Kisha wakafunga mlango, wakafanya mazoezi hadi Magharibi, mmoja akinguruma, mwingine akiruka, na Ashura aliyekuwa hajatabasamu tangu asubuhi akalazimika kuingia na kuwaomba wapunguze sauti, majirani watasikia.

Baada ya Isha, Bi Mardhiya alikaa mbele kabisa ya wanawake wote. Ng'ambo ya kamba, mbele ya wanaume wote, Bwana Muhidini alikaa kwenye kiti chenye mikono, kilemba kimekaa sawasawa, mshenga amechuchumaa ubavuni kwake. Alisikika akisema kwamba mwanamume timamu hashtushwi na shuka.

Picha ikaanza. Njia ya porini, udi, tochi. Tochi ikafifia, ikagongwa, ikazimika. Kimya. Waliokuwepo jana walikwisha ziba masikio.

Bi Mardhiya akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Lakini moyo wake ulikuwa ukienda mbio kwa ajili ya Ashura, na hesabu ikaufuata moyo. Tatu-nne-tano-sita-saba. Akasimama, akainua mikono, na katika kimya kile cheusi akapiga ukelele ambao haukuwa wa mazoezi hata kidogo.

Chui alikuwa bado.

Watu waliokuwa wamejiandaa kwa chui hawakuwa wamejiandaa kwa Bi Mardhiya. Uwanja ulilipuka. Dadi mwenyewe aliangusha kipaza sauti. Chui alipotokea, amechelewa, hakuna aliyemtazama, na kitambaa kilipong'aa kwa betri mpya, kilimwangaza Bwana Muhidini. Alikuwa amesimama juu ya kiti, bila kilemba, amekishika kichwa cha mshenga kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

Kwanza hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha Bi Somoe alianza, na baada yake mji mzima. Vicheko vilikwenda hadi picha ya pili ikaisha. Jina la betri lilitangazwa mara tatu, na kesho yake hakuna aliyelikumbuka.

Bwana Muhidini alishuka. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kukana kilichoonekana na watu mia tatu. Aliokota kilemba, akakikung'uta, akakifunga upya bila haraka, duru kwa duru. Mrisho, aliyekuwa amekuja kwa kujificha na kusimama nyuma kabisa, alimwona baba yake akicheka, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu utoto.

"Huyu mama anashtuka," Bwana Muhidini alimwambia mshenga, aliyekuwa akijisugua shingo. "Nimeona kwa macho yangu. Nenda kwake sasa hivi, usingoje asubuhi. Mwambie nikaha ni Ijumaa ileile, na kijana atafika mapema."

Mshenga akainuka aende. Bwana Muhidini akamwita tena.

"Na umwombe, kwa heshima zote, vigelegele vya siku hiyo awaachie wengine."