Picha ya mbuzi mwenye sweta iliyotoka Kasongo: aliyeipiga ni mimi

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya ninayoandika sijayatia chumvi. Natamani ningeyatia, ingekuwa nafuu kwangu.

Wengine mliiona ile picha ya bibi juu ya pikipiki na mbuzi aliyevaa sweta nyekundu. Ilizunguka kwenye magrupu mpaka ikachoka. Niliipiga mimi.

Niko Kasongo, huku Maniema, nachaji simu za watu kwa sola karibu na soko. Siku hiyo mvua ilianza tangu asubuhi, kwa hiyo hata kazi haikuwepo. Nimejibanza chini ya bati, naona pikipiki inaingia kutoka upande wa Kabambare, tope hadi kwenye taa.

Mbele dereva. Katikati mbuzi, ametulia kama abiria aliyelipa, kavaa sweta ya mtoto wa shule. Nyuma bibi mmoja na mwavuli. Mwavuli wote uko juu ya mbuzi, yeye mwenyewe analoa.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikapiga picha mbili, nikachagua ile inayoonyesha uso wa bibi vizuri. Nikaandika: "Kabambare bwana! Mbuzi ni abiria, bibi ni mzigo." Nikapost kwenye grupu la vituko ambalo admin ni mimi.

Mnajua utamu wa kuona comments zinapanda. Saa sita tu jamaa wa Bukavu ananitumia picha yangu mwenyewe, eti "cheki hii ya kwenu". Nikajiona mwandishi wa habari.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, la sivyo mtaniona mjinga kuliko nilivyo.

Nilikuwa nimechumbia binti wa Kabambare, anaitwa Feza. Kwenye ukoo wao mchumba hamtazami mama mkwe usoni. Akipita, unaangalia chini. Nimefika kwao mara tatu, na ninachokijua kwa mama yake ni miguu na pindo la kitenge. Mnaanza kutazamana siku yeye mwenyewe atakapoleta mbuzi nyumbani kwenu. Wanamwita mbuzi wa kufungua macho.

Nyinyi mshaelewa. Mimi nilielewa saa kumi niliporudi nyumbani, nikakuta mbuzi kafungwa kwenye mpapai. Sweta nyekundu.

Mama yangu akanipokea na lawama: "Ulikuwa wapi? Mama Feza amekungoja mupaka akachoka, amerudia na ileile pikipiki. Mbuzi yako ya macho njo ile (ndiyo ile)."

Nikakimbilia simu, nikafuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, picha ilishafika Goma.

Kesho yake Feza akapiga. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Mama hana simu ya kuona picha," akasema. "Lakini akienda soko, watu wanamuita Mama Mbuzi. Anauliza sababu gani, wanamuonyesha. Ile sweta ni ya mudogo wangu. Mama alisema mbuzi isifike kwenu inatetemeka, mutafikiri tumewaletea mugonjwa. Na tunajua ni weye uliandika."

Akakata.

Niliogopa kumkosa Feza, sikatai. Ila nilipoitazama ile picha tena nikaona aibu ya kweli, ya kutamani ardhi ipasuke. Mama mtu mzima kasafiri kwenye lile tope, kalowa, ili mimi na kwetu tuheshimiwe. Sikuona tena mahali pa kuchekea.

Juma lililofuata nilienda Kabambare na mjomba wangu. Nikapiga magoti uani kwao, macho chini kama desturi. Mjomba akaanza kunitetea kwamba ni mambo ya vijana, nikamwomba anyamaze. Nikasema picha ni yangu, maneno ni yangu, na nilicheka.

Naiona miguu yake tu, haisogei.

Kisha akasema taratibu: "Inua macho. Watu yote ya Maniema wameisha kuangalia sura yangu. Weye tu njo unabakia."

Wakuu, sikuweza. Ruhusa ninayo, mbuzi ameshaletwa, na shingo ilikataa kabisa.

Uchumba haujavunjika. Feza anasema mama yake amesamehe. Lakini mimi kila nikienda pale bado naongea na miguu.

Funzo langu ni dogo: ukiona kituko barabarani, kabla hujatoa simu, muulize mtu anaenda wapi na kwa nini. Grupu nimelifunga, msinitumie maombi ya kuingia.

Karibuni mseme, hata mkinisema vibaya nastahili. Ila mwenye ile picha kwenye simu yake, nakuomba uifute. Mama wa watu bado anaenda soko kila siku, na bado wanamwita lile jina.