Visima Viwili vya Shella

Hata leo, popote nilipo, nikinusa kamba ya kisima ya makumbi ya nazi iliyolowa maji, huiachia. Harufu ile hunirudisha Shella, Malindi, mwaka mmoja wa themanini na kitu, kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu.

Tulikuwa na visima viwili. Cha msikitini kilinywesha mtaa karibu wote, nyumba sitini hivi. Cha pili kilikuwa uani kwa jirani yetu wa nyuma, Bi Zuhura, na waliokitumia walikuwa nyumba nne tu, yetu ikiwa mojawapo. Habari zikaenea: wanaoteka msikitini, nyumba tisa zina wagonjwa, kwa Bi Zuhura, mbili. Basi kisima cha msikitini nikakiogopa kama jini. Nikipita pale nilibana pumzi, pua nimeiziba kwa ncha ya kanga ya mama, nikimshukuru Mungu kwamba sisi twanywa kwingine.

Alasiri moja akaja Shangazi Kadzo kutoka Kakuyuni, kuku wawili wakining'inia mkononi. Mama akamtekea maji mtungini huku akimhadithia hayo, tisa kwa mbili. Shangazi akaipokea kata, asinywe.

"Wifi, hapa kwa Bi Zuhura huteka nyumba ngapi?"

"Nne."

"Na msikitini?"

"Ah, nani azihesabu? Sitini hivi."

"Mwenye mbuzi sitini akafiwa na tisa, na mwenye wanne akafiwa na wawili. Nani aliyebaki na zizi?"

"Wewe na mbuzi wako!" Mama akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Nusu ya nyumba zetu nne zilikwisha kuingiwa na ugonjwa. Zilizosalia zilikuwa ya Bi Zuhura mwenyewe, na yetu.

Akaupindua mtungi mchangani. Mdogo wangu Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu, midomo ingali majimaji.

Jioni ile sikucheza. Nilimkalia mbele, na kila alipojishika tumbo nilimkodolea macho. Mwishowe akanikemea, "Mbona wanitazama kama maiti?" Nikaangua kilio.

Hakuugua. Asubuhi nikatumwa msikitini na ndoo, Shangazi akipiga kelele nyuma yangu kwamba hayo nayo yatachemshwa.

Shule niliiacha mapema, na miji niliyolala tangu hapo ni mingi. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba ile tisa, kati ya sitini, ilinitisha kwa kelele zake tu, kutoka mbali. Ile mbili, kati ya nne, ilikuwa ukutani kwetu, kushoto na kulia.