Nozeli za Siku ya Ukaguzi

Majirani walisema gereji yangu haitamaliza miezi sita. Nilikuwa nimerudi kutoka ughaibuni na diploma ya magari, nikaifungua hapa Gitothua, Ruiru, bila kusaidiwa na mtu, na mwaka wa pili ukanikuta na wateja hadi barabarani. Kwa hivyo, mwanangu, siku ninayoikumbuka ilinikuta nimevimba kichwa.

Sheria ilitaka kila basi lipimwe moshi kabla ya kupewa stika ya ukaguzi. Mimi nilikuwa na seti moja ya nozeli safi, zile za kunyunyiza dizeli kwenye injini. Asubuhi ya ukaguzi nilizifunga kwenye basi la mteja, likapita. Jioni nilizitoa, nikarudisha zake mbovu. Nilijiona mjanja, na kusema kweli hakuna fundi aliyezifunga haraka kama mimi.

Siku hiyo Tata, dada mkubwa wa baba yangu, alikuja kutoka Kamenu, Thika, anakoishi kando ya stendi. Alikunjua kitambaa chake cheupe cha kanisani mbele ya Karanja, mteja wangu mwenye mabasi manane. Kilikuwa na masizi.

“Fundi wa diploma, hiki nilikianika leo asubuhi.”

“Hiyo ni vumbi tu, Tata.”

“Vumbi inanuka dizeli? Nimeona basi yenyewe, ni ya huyu mteja wako. Iko na stika, na ni wewe uliipitisha.”

Karanja akacheka. “Mama, si ununue kitambaa nyeusi!”

“Na mapafu, nitanunua ya rangi gani?”

Nilikitazama tena kile kitambaa, nikaona masizi yale ni kazi yangu. Nilimwambia Karanja atengenezeshe nozeli za mabasi yake au atafute fundi mwingine. Aliondoka na mabasi yote manane, na miezi iliyofuata nilifagia uwanja mtupu huku majirani wakinisimanga. Sikumpigia Karanja simu kumwomba arudi. Wateja wapya walikuja mmoja mmoja, wale waliotaka gari zima, si stika.

Mwanangu, serikali inaweza kuandika sheria nzuri ya moshi, lakini hewa ya Thika na Ruiru iko mikononi mwa anayeshika spana. Usipitishe gari ambalo hungetaka lingurume dirishani kwa mama yako. Ukipoteza mteja kwa hilo, mwache aende. Mungu akupe kazi usiyoionea haya, na kifua kizima cha kuifanya hadi uzeeni.