Kidonda cha Tumbo

Chumba cha bibi ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi kizima, kwa hiyo ndimo nilimojiandalia mtihani. Nyumba yetu ya Darsait ni ya zamani, na kiyoyozi cha sebuleni kilinguruma tu bila kupoza. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa alama nzuri, lakini anayetaka udaktari haangaliwi alama pekee. Lazima kwanza afanye mtihani wa kupima anavyofikiri: maumbo ya kuzungusha kichwani, hesabu za haraka, na mwishoni visa vifupi vya hospitalini, ambapo unaulizwa wewe ungefanya nini. Nilikaa sakafuni na kitabu changu cha mazoezi, bibi akiwa kitandani, uso ameuelekeza ukutani.

Tulikuwa tumetoka hospitali naye majuzi tu. Nilikwenda kama mkalimani, kwa sababu bibi alizaliwa na kukulia Unguja, akahamia huku kwa Waarabu ukubwani, na Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na sala, na daktari alikuwa mgeni asemaye Kiingereza. Baada ya vipimo alituita ukumbini mimi, mama, na mjomba wangu anayefanya kazi kiwandani Rusayl. Akasema aliyoyaona, na kwamba hayana tiba, nami nikafasiri neno kwa neno. Sauti yangu haikutetemeka, na mjomba akanisifu kwa hilo, ati nimeshakuwa daktari. Kisha akasema lile ambalo kila ukoo ninaoujua hapa husema.

"Asiambiwe. Sote tuseme ana kidonda cha tumbo."

Nikamfasiria daktari, naye akauliza kama ndivyo mgonjwa mwenyewe anavyotaka. Nilipolifasiri swali, mjomba akaniamuru nijibu ndiyo. Nikajibu. Mpaka leo nina hasira na mwanamume mzima aliyemtuma msichana aliyetoka shule juzi amdanganyie kwa lugha asiyoiweza yeye.

Tangu hapo nyumba nzima ilifanya kazi ya kuficha. Dawa zilitolewa kwenye visanduku vyake na kutiwa kwenye kopo la biskuti. Ugonjwa haukutajwa jina hata mimi na mama tukiwa wawili jikoni; ulikuwa "ugonjwa ule". Majirani walioleta uji waliambiwa kidonda. Mdogo wake bibi wa kike, anayekaa Khuwair, hakuambiwa hata hicho kidonda. Hao wawili walikuwa hawasemezani tangu mdogo mtu alipokataa kumwoza mjomba wangu binti yake. Kutoka Khuwair mpaka kwetu ni mwendo mfupi kwa gari, na kila sikukuu kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Bibi akachoka kutazama ukuta. "Hebu nisomee hayo masuali yako," aliniambia.

Maumbo hakuyataka. Visa alivipenda kama alivyopenda habari za mtaani. Mimi nilifasiri, yeye akahukumu. Mwanafunzi wa udaktari amechelewa tena zamu yake: "Hana adabu huyo, arejeshwe kwao." Nilimwambia kitabu kinasema azungumzishwe kwanza faraghani. Bibi akasema kitabu kimeandikwa na mtu asiye na watoto. Tulicheka, ila kila akicheka alishika tumbo, nikaacha kumchagulia vya kuchekesha.

Ndipo siku moja nikaanza kufasiri kisa kabla sijakisoma mpaka mwisho. Mgonjwa mzee ana maradhi yasiyopona. Wanawe wanamwomba daktari asimwambie. Nilipofika hapo nikakwama. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Haya, malizia," bibi akasema. "Daktari afanye nini?"

Nikamsomea majibu yote ya kuchagua. Hakufikiri hata kidogo.

"Amwambie. Mtu ana watu wa kutakana nao radhi. Atakwenda vipi, na hajui kama anakwenda?"

Mama alinitazama, akatikisa kichwa polepole.

"Kitabu kinasemaje?" bibi akauliza.

"Kinasema kama wewe, bibi."

"Basi leo kimepatia." Akanigeukia. "Na mie, mjukuu wangu, hichi kidonda changu kitapona lini?"

"Kitapona inshallah," mama alimjibu kabla sijafungua mdomo, akaanza kumimina chai.

Bibi akageukia ukuta wake. Hakuniomba tena nimsomee.

Nilimfuata mama jikoni. "Kauliza mwenyewe, mama. Mwambie."

"Ukimwambia utamuua wewe," alisema. "Soma mtihani wako." Alikuwa analia huku anaosha vikombe visivyokuwa vichafu. Nilimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja, nikarudi kwenye maumbo yangu.

Siku ya mtihani kisa kilinitokea kwenye kompyuta. Safari hii mgonjwa alikuwa mwanamume na mwombaji alikuwa mkewe, lakini swali lilikuwa lile lile. Nilichagua jibu la bibi. Majibu yalipotoka nikawa nimepata nafasi, mjomba akaleta halua, na bibi akaonja kidogo kwenye ncha ya ulimi, akaniombea dua. Haikupita wiki akapoteza fahamu, na hakuzinduka tena.

Mdogo wake alikuja msibani akitembelea mkongojo. Wanawake walimpisha, akaja kukaa pembeni yangu. Alikuwa na uso wa bibi kabisa, hata nikaogopa kumtazama. Alinishika mkono, akaninong'oneza.

"Alikuwa anajua? Kama anakwenda, alijua?"

Nilielewa anachotafuta. Kama bibi alijua na hakumwita, basi ameondoka na kinyongo, na mwenziwe atabaki nacho mpaka kaburini. Mama alikuwa ng'ambo ya chumba, na macho yake yalikuwa juu yangu kama siku ile ya sinia la chai. Safari hii sikumsikiliza.

"Hakujua, bibi. Tulimficha."

Alishusha pumzi ndefu, na mimi nikadhani nimempunguzia mzigo. Akaufikiria mpango wetu wote. Kisha akauachia mkono wangu.

"Na mie?" akasema. "Mie nilikuwa naumwa nini, hata mkanificha?"