Vitalis Awekwa Jukwaani

Vitalis, mtu wa Ndanda, alikuwa mpagazi wa magunia ya nazi sokoni Kariakoo mpaka siku shehena ilipomporomokea kutoka kwenye lori ikamvunja uti wa mgongo. Hospitali ilimfundisha kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, lakini miguu haikurudi. Alipokuwa anaruhusiwa, muuguzi Severa alimvuta pembeni mkewe, Hyasinta.

"Dada, hawa wetu hawafi kwa miguu. Wanakufa kwa kidonda cha makalio na mkojo mchafu. Ajiinue kila mara, ageuzwe, anywe maji."

Hyasinta aliyashika maneno hayo kama katekisimu. Alimshonea mto wa sufi, akawa anamkagua mgongo kila jioni. Bi Kuruthumu, mwenye nyumba, alibomoa kizingiti cha choo cha uani bila kuombwa. Vitalis akaanza kutengeneza stovu za mafuta ya taa barazani. Watu wakaleta stovu, wakaleta na umbeya, na nuru ikamrudia usoni.

Hapo ndipo tawi la Chama lilipomgundua.

"Ndugu Vitalis, wewe ni mfano hai wa kujitegemea," alisema katibu, Ndugu Safari, ndani ya kaunda suti iliyonyooka.

"Ahsante, ndugu katibu. Basi nisawazishieni zile ngazi za duka la ushirika, nikapange foleni mwenyewe."

"Hilo lina kamati yake."

Kamati ya Walemavu ilikutania ghorofani. Vitalis, aliyeteuliwa mjumbe, akaandikwa mtoro.

Sikukuu ya Chama ilipofika, vijana wa tawi walimbeba hobelahobela wakamweka jukwaani, juani. Mto wake waliuacha nyumbani, maana ulikuwa na viraka na mpiga picha alikuwepo. Kila alipotaka kujiinua, Safari alimnong'oneza, "Tulia, ndugu, mgeni rasmi anaongea." Mgeni rasmi aliongea juu ya kujitegemea hadi waliosimama wakaanza kukaa chini. Vitalis, aliyekuwa amekufa ganzi kutoka kiunoni kushuka chini, hakusikia maumivu yoyote, na balaa lilikuwa hapohapo.

Jioni Hyasinta alipomkagua, alikuta ngozi imeiva. Haikupita muda ikachimbika kidonda, na mume akarudishwa wodini, akalazwa kifudifudi kama samaki aliyeanikwa.

Safari alikuja kumwona akiongoza ujumbe mzito wa tawi. "Tumesikitika sana. Sikukuu ijayo tutakuweka mstari wa mbele."

Hyasinta, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliinuka akamwonyesha kitanda kilichokuwa wazi. "Lala hapo kifudifudi, ndugu katibu, ndipo utuhutubie."

Wodi nzima ikacheka. Safari naye akacheka, kisha akautazama mlango, maana Hyasinta alikuwa bado anamsubiri.

Kidonda kilifunga taratibu. Vitalis aliporudi, alikuta stovu zimejaa ukumbini kwa Bi Kuruthumu. Wateja walikuwa wamekataa kuzipeleka kwingine. Sikukuu nyingine ilipokaribia, tawi likamfuata tena.

"Nitakuja," alisema. "Ila nakuja na mto wangu, na nikijiinua, anayehutubia anisubiri."

Wajumbe walikwenda kushauriana, wakaona masharti ni mazito mno. Mwaka huo jukwaani alipandishwa ng'ombe wa maziwa kutoka kijiji cha ujamaa, aliyekubali kusimama bila sharti lolote. Vitalis alishinda barazani akibishana na Bi Kuruthumu, aliyeapa kwamba stovu yake ilikuwa nzima, ila utambi wa siku hizi ndio hauna adabu.