Kikombe Kimoja cha Tui, Vikombe Kumi vya Maji

Hesabu sizijui. Kwa miaka mingi nilisema nimezisahau, kana kwamba niliwahi kuwa nazo. Biolojia niliichagua ili nizikimbie, nikazikuta zimenitangulia maabara. Digrii niliipata kwa kukariri majina ya wadudu na kuketi karibu na mwenzangu aliyejua kugawanya.

Binti wa kaka yangu, anayesomea kazi ya maabara, alikuja kwangu Msambweni baada ya kufeli mtihani wa hesabu. Alibakiwa na marudio tu. Akifeli tena, chuo basi.

"Baba amesema wewe ndiye msomi wetu."

Karatasi hunitisha, kwa hiyo nilimpeleka jikoni, nikakuna nazi, nikakamua tui.

"Tazama. Unaambiwa uzimue sampuli mara kumi. Kikombe kimoja cha tui, vikombe kumi vya maji. Kwisha."

Akavitazama. "Shangazi, hapo vyote ni kumi na kimoja."

"Nani kakuuliza vyote?"

"Si vyote pamoja ndivyo viwe kumi? Maji yangekuwa vikombe tisa."

"Mwanangu, wali wa nazi nimeupika kabla hujazaliwa."

"Wali sawa, Shangazi. Hii ni damu ya mgonjwa."

Nilikasirika. Nikamwaga, nikakamua tui jingine, nikapima upya, na kila mara vikawa kumi na kimoja. Nazi ya pili ikaisha. Mwishowe nikaamuru: "Andika maji kumi. Mimi nimesoma chuo kikuu."

"Haya, Shangazi," akasema, kwa adabu isiyoonyesha kama amekubali au la.

Asubuhi ya mtihani nilijaribu peke yangu kwa vijiko vya chai. Tisa! Nikampigia mbio. Simu ilikuwa imezimwa, alikwisha kuingia.

Matokeo yalipotoka, alinipigia mwenyewe.

"Shikamoo, Shangazi. Nimepita!"

"Marahaba. Alhamdulillahi. Na swali la kuzimua?"

"Lilikuwemo. Niliandika tisa. Ila Baba nimemwambia umenisaidia sana, na sasa anataka kukuletea mdogo wangu, wa fizikia."

"Mpe simu babako."

Kaka alipoichukua, nilimwambia kwa mara ya kwanza maishani: hesabu sizijui.

"Hilo nalijua tangu darasa la nne," akajibu. "Wewe nilikuletea mtoto ale vizuri."